Usiliuze hilo gitaa kabla ya kufika Kisumu

Ndugu mwenye uzi, swali lako nimelisoma mara mbili. Umehamishiwa kazi Kisumu, roki unaipenda tangu shule ya upili, una gitaa la umeme na ampu ndogo (kikuza sauti chake), na mnunuzi wa vyote viwili umeshampata hapo Nairobi. Unauliza kama huku kuna roki yoyote au utabaki nayo simuni tu, na kama kuna maana ya kulipia programu za kustrimu. Wengi wamekujibu kwamba huku ni benga na ohangla, miziki ya Kijaluo, kwa hiyo uza. Mimi nakuomba usiuze, na nitakueleza kwa urefu kwa sababu nimekaa na jambo hili zaidi ya miaka ishirini.

Mimi ni fundi wa redio. Kazi niliifunzwa na mjomba kwenye kibanda karibu na soko la Kibuye, na roki ilinikuta pale pale mezani. Mteja alileta redio-kaseti iliyokuwa inakula kanda. Mjomba akanipa bisibisi. Ndani nikakuta kanda imejisokota kwenye rola, nikaitoa polepole, nikaikunjua, nikairudisha kwa kuzungusha kalamu ya biro, kisha nikasafisha hedi kwa pamba na spiriti. Kwenye kasha kulikuwa na neno moja kwa wino wa bluu: Nirvana, bendi ya roki ya Marekani. Nilipobonyeza, nikadhani redio bado ni mbovu. Gitaa lilikuwa linakwaruza. Nikafungua tena, nikapitia solda moja baada ya nyingine, nikabadilisha hata waya wa spika. Mjomba akatafuta stesheni ya habari: sauti safi kabisa. Tukarudisha kanda: mngurumo uleule. Nilikaa na hiyo kanda siku nne mpaka mwenyewe alipokuja kuchukua redio yake, na kufikia hapo sikutaka tena ipone.

Kwa lugha ya ufundi jambo lenyewe ni hili. Ampu ikisukumwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa. Pale yalipokatwa huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo nyuzi zenyewe hazikuzitoa. Mimi hulipwa niondoe ugonjwa huo, wapiga roki wanautafuta kwa udi na uvumba. Mwaka 1958 kule Marekani, Link Wray alitoboatoboa spika ya ampu yake apate sauti chafu aliyoitaka. Mwaka 1964 kule London, Dave Davies wa The Kinks, kijana wa miaka 17, alichana koni ya spika yake, ile karatasi inayotetema, kwa wembe, na sauti hiyo iliyochanika ndiyo iliyoitambulisha bendi yao duniani. Nilipoyasoma haya nilisisimka, maana spika zilizochanika ndizo zinazonilisha.

Baada ya kanda zikaja saiba. Ile tuliyokuwa tunaenda mtaa wa Oginga Odinga walitoza shilingi moja kwa dakika, na wimbo mmoja ungeweza kukumalizia nusu saa. Tulipakua, tukachoma CD, baadaye tukabebana na flashi. Mtu akitoka Nairobi tulimuuliza kwanza amebeba nini kwenye flashi, salamu baadaye. Karibu nyimbo zote zilikuwa mp3 za kbps 128 (kilobiti kwa sekunde), na hapo ndipo nilipojifunza kusikiliza kwa makini. CD hubeba takriban kbps 1,411. Ili wimbo ushuke hadi 128, mp3 hutupa kile inachokadiria sikio halitakikosa, yaani zile sauti ndogo zilizofunikwa na kubwa zilizo jirani nazo. Mtu mmoja akiimba na gitaa la mkono huoni tofauti. Roki ndiyo inayoumia, maana kila kitu kinapiga kwa pamoja, na cha kwanza kuoza ni matoazi. Badala ya kulia kama shaba, yanalia kama maji yanayomwagika kwenye sufuria ya moto. Kwa miaka mingi nilidhani ndivyo bendi zile zinavyopiga! Leo faili la 320 na CD siwezi kuyatofautisha hata ukinifunga macho, kwa hiyo usihangaikie makubwa kuliko hapo.

Tena kuna ubaya mwingine ambao hauletwi na mp3. Metallica, bendi ya metali, yaani roki nzito, ya Marekani, walipotoa albamu yao ya mwaka 2008, sauti ilipandishwa studioni ikabanwa juu mwanzo hadi mwisho, mawimbi yakakatwa vichwa kwenye wimbo mzima, ngoma na sauti ya mwimbaji zikiwemo. Mashabiki wakagundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa na nafasi ya kupumua, wakaandika malalamiko. Nakubaliana nao kabisa. Gitaa lichanike, lakini wimbo wote usichanwe.

Sasa kuhusu kustrimu. Spotify ilifika Kenya Februari 2021 na mimi nilijiunga mwezi huohuo, kwa furaha, kwa sababu bendi ambazo nilizijua kwa nyimbo mbili mbili sasa nilizipata na albamu zote. Bado nalipia. Ukiiweka kwenye ubora wa 320 inakula kama MB 144 kwa saa, ya 96 inakula kama 43, kwa hiyo pakua ukiwa kwenye waifai na bando uiachie kazi nyingine. Lakini nyimbo hizo usizihesabu kuwa zako. Kuna albamu niliyoizoea kuisikiliza kila nikifungua kibanda asubuhi. Siku moja nikakuta majina ya nyimbo zake yamegeuka kijivu, nikibonyeza hakuna kitu. Haki za kuipiga zilikuwa zimekwisha, na hakuna aliyenijulisha. Kabla ya hapo nilikuwa nimeibiwa simu pale stendi ya matatu, ikaenda na memori kadi yenye nyimbo za miaka sita, nyingine za bendi za Nairobi ambazo zilishavunjika na hazipo popote mtandaoni. Simu nilinunua nyingine. Nyimbo zile bado nazitafuta, na ukiwa na flashi ya zamani yenye roki ya Nairobi ya miaka ya 2000, tafadhali usiifute, nionyeshe kwanza.

Tangu hapo kanuni yangu ni kustrimu ili nijue, na nikipenda kitu nanunua faili na kuliweka kwenye diski mbili, moja nyumbani na moja kibandani. Bendi zetu nyingi na za Uganda ziko Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Wanakata asilimia 15 kwenye muziki wa kidijitali, ukiacha ada ya malipo, na tangu 2020 kuna Ijumaa fulani ambazo hawachukui fungu lao kabisa. Unachagua mwenyewe aina ya faili, hata lile lisilotupa chochote. Mimi hulipa kwa ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa iliyoanza 2022. Albamu ya Duma ya mwaka 2020 niliipata hivyo. Hao ni vijana wawili wa Nairobi waliotolewa na Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala, na ni kelele ambayo hata mimi ilinichukua wiki nzima kuizoea. Wasikilize pia Crystal Axis, Last Year's Tragedy na Parking Lot Grass kama bado hujawafikia.

Nimefika kwenye lile lililonifanya nikuandikie.

Usiku mmoja saa tatu hivi nilipigiwa simu na klabu fulani ya Kondele, hapa hapa Kisumu. Ampu ya gitaa ilikuwa inavuma, bendi ya benga iko jukwaani, wateja wameshakaa. Nikachukua boda na mkoba wangu. Mvumo wenyewe haukunichelewesha. Kapasita kubwa ya umeme ilikuwa imekauka, nilikuwa na nyingine, nikabadilisha kwa mwanga wa tochi ya simu mdomoni. Lakini nilipogeuza kasha nikaona koni imechanika kutoka ukingoni hadi karibu na katikati, imebandikwa kipande cha karatasi kwa gundi, na gundi yenyewe imeachia. Nikamwambia mwenye gitaa, mzee wa miaka sitini na kitu mwenye kofia: "Mzee, hii spika imeisha. Kesho nitakuletea nyingine kwa bei ya chini." Akainama, akaitazama, akaweka kidole juu ya ule mpasuko kama mtu anayegusa kidonda cha mtoto. "Wuoda," akaniambia, yaani mwanangu, "hapo usipaguse. Hapo ndipo sauti yangu ilipo."

Nilikaa nisikilize nione anamaanisha nini. Benga, kama unavyojua, gitaa linamjibu mwimbaji neno kwa neno, na wazee walilitoa kwenye nyatiti, chombo cha nyuzi nane. Kwa kawaida linapigwa safi, likimeremeta. Lakini alipofika pale waimbaji wanapoachia na gitaa linabaki likikimbia lenyewe, mzee akafungua sauti hadi mwisho, na ule mpasuko ukaanza kulia. Kila uzi ulitoka na mkwaruzo wake. Besi ilikuwa inanipiga kifuani, chupa kwenye meza yetu zilikuwa zinatembea zenyewe kuelekea ukingoni, na mtu mmoja amesimama katikati na noti mkononi akijisifu kwa pakruok, majigambo ya Kijaluo, mwimbaji akimpokea na kumpandisha. Mzee hajawahi kusikia habari za The Kinks, nilimuuliza. Nilirudi nyumbani saa tisa usiku masikio yakipiga mluzi. Nilikuwa na maelfu ya nyimbo za roki, na hakuna hata mmoja uliowahi kunishika namna ile kupitia spika za masikioni.

Kwa hiyo wakikwambia huku ni benga tu, fikiria wanakwambia nini. Wanakwambia kuna mji ambao ukitafuta utakuta gitaa la umeme likipigwa kwa sauti kubwa mbele ya watu, na wanaolipiga wanatunzwa noti kwa noti na waliosimama mbele yao. Roki na benga si kitu kimoja, ngoma zake zinaenda kwingine kabisa, lakini ndoa imeshawahi kufungwa. Tafuta Extra Golden, bendi iliyounganisha wapiga benga wa Kijaluo, kina Otieno Jagwasi na Opiyo Bilongo, na wapiga roki wawili wa Marekani. Albamu ya kwanza ilitoka 2006. Otieno alikuwa ameshafariki mwaka 2005, wenzake wakaendelea. Kwenye albamu ya 2007 kuna wimbo wa kumshukuru Barack Obama, wakati huo akiwa seneta, kwa sababu ofisi yake iliwasaidia kupata viza za kwenda kupiga huko. Sikiliza magitaa mawili yanavyopokezana humo, kisha uniambie kama gitaa lako halina kazi Kisumu.

Shoo za roki kamili, kusema kweli, bado ni za kusafiri. Nimepanda basi la usiku kwenda Nairobi kuona bendi za metali, nikasimama ukumbini saa tano mfululizo na kurudi usiku uleule, na safari hizo sizijutii. Pale mbele watu walikuwa wanasukumana kwa nguvu zote, lakini nilipoteleza nikaanguka, mikono kama minne ilinivuta juu kabla sijagusa sakafu vizuri, na mwenye mkono mmoja kati ya hiyo tunasalimiana hadi leo. Ila tazama pia magharibi. Jinja, ambako tamasha la Nyege Nyege lilianza 2015, ni karibu na Kisumu kuliko Nairobi. Unapita Busia, unavuka mpaka, umefika. Pia usikubali mtu akwambie kwamba mambo haya si ya Mwafrika. Zambia walikuwa na roki yao miaka ya 1970, na WITCH, waliokuwa vinara wake, walirudi jukwaani baada ya miongo kadhaa na kutoa albamu mpya 2023.

Hapa mjini tulishajaribu usiku wetu mdogo wa roki, ukumbi wa kukodi upande wa ziwa, watu kama arobaini. Tulikodi vyombo, spika moja kubwa ikaja tayari imeungua, na aliyetukodisha akakataa kurudisha pesa. Kisha stima ikapotea wimbo wa tatu. Mpiga ngoma hakusimama. Watu wakaimba wimbo wote hadi mwisho juu ya ngoma tupu, gizani, na vijana wawili ambao hawakuwa wakijuana kabla ya hapo sasa wanafanya mazoezi pamoja kila Jumapili alasiri, nyuma ya kibanda changu. Wana ngoma, wana besi. Gitaa wanaazima, na mwenye kuwaazima amehamia Eldoret.

Mwambie huyo mnunuzi umebadili nia. Ampu funga kwa blanketi na uipakie wima kwenye basi, usiilaze, na waya wa jeki usinunue huko. Mimi nitakutengenezea.