Maswali ya Wasomaji: Nani Atayaandika Tuliyoyasema?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa sheria. Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu makubaliano ya mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri juu ya maji ya Mto Nile na sababu za Tanganyika kukataa kufungwa nayo. Hivi karibuni jarida moja nisilolifahamu limeniandikia likiahidi kuichapisha ndani ya siku saba nikilipa ada ya takriban shilingi 900,000, na kwa kuwa kupandishwa cheo kunahitaji machapisho, nimeanza kushawishika. Nina shaka nyingine nzito zaidi: je, maandishi ya msomi yana uzito wowote katika sheria ambayo hutungwa na mataifa yenyewe?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na hilo la mwisho, kwa sababu ukishalielewa, suala la ada halitakusumbua tena.

Ibara ya 38 ya Hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki inaitaja mikataba, desturi na kanuni za jumla za sheria, kisha inayaweka mafundisho ya wanasheria mahiri wa mataifa mbalimbali, pamoja na maamuzi ya mahakama, katika daraja la nyenzo za ziada za kuitambua sheria. Ni kweli basi kwamba makala yako haitaifunga nchi yoyote. Lakini desturi ya kimataifa haitungwi bungeni. Hudhihirika katika mwenendo wa nchi unaoambatana na imani kwamba sheria ndiyo inayoutaka, na mwenendo huo sharti uthibitishwe kwa ushahidi. Mwaka 1900, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua shauri la mashua mbili za wavuvi wa Cuba zilizotekwa vitani, iliwategemea waandishi wa sheria kama mashahidi wa jinsi sheria ilivyo, si kwa ajili ya maoni yao ya jinsi inavyopaswa kuwa. Ushahidi wa namna hiyo ndio unaotakiwa kwako.

Na hapo ndipo penye kidonda chetu. Jarida la Marekani la sheria ya kimataifa, lililoanza mwaka 1907, limekuwa kwa miaka mingi na sehemu maalumu ya kueleza mwenendo wa serikali ya nchi hiyo, na kitabu cha mwaka cha Uingereza cha sheria hiyo hiyo, kilichoanza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nacho hukusanya kauli za serikali yake. Mtafiti aliyeko Geneva akitaka kujua Marekani ilisema nini juu ya jambo fulani, ananyoosha mkono rafuni. Akitaka kujua Tanzania au Burundi ilisema nini, mara nyingi harudi na kitu, na mwenye haraka huhitimisha kwamba hatukutamka neno. Tulitamka. Desemba 1961, Tanganyika ilimwarifu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwamba mikataba baina ya nchi mbili iliyofungwa na Uingereza kwa niaba yake ingeendelea kutumika kwa miaka miwili ili ipitiwe upya, na kwamba baada ya muda huo ile ambayo haikukubaliwa, wala haikulindwa na sheria ya desturi, ingehesabiwa kuwa imekoma. Julai 1962 ikaziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya 1929. Msimamo huo leo hufundishwa katika vyuo vya mbali kwa jina la Nyerere, na haukufika huko kwa umaarufu wake peke yake. Tamko lilikuwa mikononi mwa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1973 Earle Seaton na Sosthenes Maliti walichapisha kitabu kizima kuhusu mwenendo wa Tanzania katika mikataba. Waliandika, wengine wakapata cha kunukuu.

Nakusihi usiitazame tasnifu yako kama ngazi ya cheo tu. Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, uliofunguliwa kutiwa saini Entebbe mwaka 2010, ulianza kutumika Oktoba 2024 bila Misri wala Sudan, na hoja ya nani anafungwa na makubaliano ya enzi za ukoloni imekuwa moto tena. Anayejua yaliyoandikwa mwaka 1962, na aliyekwenda kuyasoma katika nyaraka zenyewe, ana kitu ambacho mhariri wa mbali hawezi kukipata kwingine.

Sasa, hilo jarida la siku saba. Achana nalo. Jarida makini huficha jina la mwandishi na kuwapelekea makala wahakiki waliobobea katika mada, na kazi hiyo huchukua miezi, pengine mwaka mzima. Anayekubali kazi kwa wiki moja hakuisoma. Majarida mengi mazuri ya sheria hayamdai mwandishi chochote. Yapo yanayotoza ada ili makala isomwe bure na kila mtu, lakini ada hiyo hudaiwa baada ya kazi kukubaliwa, na mara nyingi waandishi kutoka nchi za kipato cha chini hupunguziwa au husamehewa. Vilevile usipeleke makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Ruhusa hiyo ipo kwa majarida ya Marekani yanayohaririwa na wanafunzi wa sheria, na kwingineko huhesabiwa kuwa ni utovu wa uaminifu.

Wala usiitume tasnifu ilivyo. Ondoa sura ya mapitio ya maandiko, chagua hoja moja, uijenge kwa maneno yasiyozidi kiwango cha jarida, ambacho kwa kawaida huwa kati ya 8,000 na 12,000. Wahakiki wakikukosoa kwa ukali, jibu kila hoja yao kwa maandishi, hata ile unayoikataa, na ueleze kwa nini unaikataa. Kama chuo chako kimejiunga na GOALI, mpango ulioanza mwaka 2018 chini ya Shirika la Kazi Duniani, utayasoma majarida ya sheria ya gharama kubwa kupitia maktaba yenu. Muulize mkutubi wiki hii.

SWALI: Je, inafaa kuandika makala ya sheria ya kimataifa kwa Kiswahili?
Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Inafaa, na haja imeongezeka tangu sheria ya Tanzania ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Ugumu uko kwenye istilahi. Neno “mkataba” tunalitumia kwa makubaliano ya nchi na nchi, na pia kwa karatasi ya kupangisha nyumba. “Taifa”, “nchi” na “dola” tunazibadilishana kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali msomaji wa sheria anahitaji kujua kama unazungumzia watu, ardhi au mamlaka. Amua maana ya kila neno katika tanbihi ya kwanza, kisha usiibadilishe hadi ukurasa wa mwisho.