Kariakoo hutazamwa mfuko ukiwa mtupu

Mjomba wangu wa Tabora alinipigia simu akiwa ndani ya SGR, ameshaipita Morogoro. Anakuja Dar kwenye msiba wa rafiki yake wa zamani, na baada ya maziko atakuwa na siku mbili za kupumzika. "Mpwa wangu, utanitembeza. Ila baharini usinipeleke, maji mengi nimeshayaona Kigoma."

Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Baba Mzaramo, mama Mnyamwezi, nimekulia Mtaa wa Narung'ombe kwenye nyumba ambayo leo ni ghorofa la watu wengine. Sikuhitaji kuwaza. Jumamosi saa tano asubuhi tukashuka mwendokasi Gerezani, mjomba ana laki mbili mfukoni na kikaratasi cha vitu alivyoagizwa na mkewe: vitenge, sufuria kubwa, kandambili za wajukuu.

Nusu saa haikupita, tukanaswa na winga. Kwa asiyemjua, winga ni kijana asiye na fremu wala mzigo. Anakudaka barabarani, anakuuliza unatafuta nini, anakuambia "twende, ninayo", kisha anakupeleka dukani kwa mtu mwingine na kuongeza chake juu ya bei. Wapo waungwana kati yao, na mgeni kabisa anaweza kuokolewa na winga mzuri. Wa kwetu alituzungusha maduka manne, ngazi juu ngazi chini, mpaka mjomba akalipia vitenge bei ambayo sitaiandika hapa kwa heshima ya shangazi. Tulipotoka Mtaa wa Kongo akapapasa mfuko. Kitochi chake kimechomolewa. Mwizi atakuwa alijuta alipokiona, lakini namba zote za ndugu zilikuwa humo.

Jioni, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, mjomba akaniuliza: "Sasa Kariakoo yenyewe ni ipi? Mimi nimeona migongo ya watu tu."

Lile swali ndilo limeniandikisha haya. Kila wiki mtu ananiuliza nimpeleke wapi mgeni wake akifika Dar, na kila mtu anajua jibu la "Kariakoo", ila wanaokwenda wanakwenda kununua. Ukienda kununua hutaona kitu. Macho yako yako kwenye bei, mkono uko kwenye mfuko, na masikio yanasikiliza "pisha, pisha, mzigo!" usije ukagongwa na mkokoteni. Kariakoo inataka siku yake, siku ambayo huna cha kununua. Jumapili nikamwambia mjomba aache hela nyumbani, abaki na nauli na ya kahawa. Tukatoka saa moja kasoro.

Na tulianzia nje ya Kariakoo. Najua inaonekana kama kuzunguka bure, lakini mpeleke mgeni wako Posta kwanza, kwenye Sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na Azikiwe. Sisi tunaipita kila siku tukikimbilia daladala na hatujui inasema nini. Wajerumani walikuwa wameweka hapo sanamu ya gavana wao, von Wissmann. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakaiondoa, na mwaka 1927 wakamsimamisha huyu askari wa shaba mwenye bunduki. Maandishi ya chini yake, Kiswahili kikiwemo, hayawataji askari peke yao. Yanawataja na wapagazi.

Hao wapagazi ndio wenye Kariakoo. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Waingereza huku kwetu lilibebewa chakula, risasi na majeruhi vichwani na mabegani mwa Waafrika waliokusanywa kwenye kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Hapa Dar kambi yao ilikuwa kwenye eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamejenga soko. Midomo yetu ikalifanyia lile jina la Kiingereza kazi, likatoka Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu hiyohiyo.

Mjomba alisimama pale muda mrefu. Kaka wa babu yake alichukuliwa upagazi wakati wa vita hiyo na hakurudi, na ukoo wetu haujui hata alielekezwa upande gani. Sikuwa na habari hiyo mpaka asubuhi ile. Kama ungeniuliza, ningekuambia ukoo wa mama naujua wote.

Kutoka hapo fuata Samora hadi Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji, kisha shika Mtaa wa Uhuru. Mnara wenyewe hauna cha kukuchelewesha. Utavuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed na kuingia Mnazi Mmoja, na hapo ndipo nakuomba upunguze mwendo.

Watu wanadhani Mnazi Mmoja ni bustani iliyobaki kwa bahati. Haikubaki kwa bahati. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo Waingereza waliacha uwanja mtupu makusudi, wakisema ni kwa ajili ya afya, yaani maradhi ya Waafrika yasivuke. Leo pale kuna Mnara wa Mwenge wa Uhuru, watoto wanacheza mpira, na watu wamelala chini ya miti wakisubiri jua lipungue. Simama katikati, tazama mashariki, halafu geuka utazame magharibi. Hakuna makumbusho yatakayokueleza ukoloni vizuri kuliko hivyo.

Pembeni kuna ukumbi tunaouita Anatoglo. Jina ni la Mgiriki, Arnautoglu, tajiri wa enzi ya Mwingereza. Watoto wa Kariakoo tulikuwa tukidhani ni neno la Kimwera.

Ukivuka Mtaa wa Lumumba umeingia Kariakoo yenyewe. Zamani mtaa huu uliitwa New Street, na hapa, tarehe 7 Julai 1954, ndipo TANU ilipozaliwa kutoka kwenye chama cha TAA. Sasa pana ofisi ndogo ya CCM, utaijua kwa rangi. Nyerere wakati huo alikuwa mwalimu Pugu, anakuja mjini kwa mikutano, na wenyeji wake walikuwa watu wa mitaa hii, akina Abdulwahid Sykes na nduguze. Bibi Titi, ambaye umetoka kuvuka barabara yake, alikuwa mwimbaji wa ngoma kabla hajawa kiongozi wa akina mama wa TANU, na nguvu yake ilitoka kwenye vikundi vyao vya ngoma. Nyumba aliyohamia Mwalimu baadaye, ile ya Magomeni, imefanywa makumbusho na inafaa kwenda. Ila iweke siku nyingine, ng'ambo ya bonde. Ukiichanganya na Kariakoo mgeni atachoka na hatakumbuka chochote.

Sasa soko. Hapa usiingie ndani kwanza. Kaa upande wa Mkunguni, ng'ambo ya barabara, na uinue kichwa. Paa lile limeundwa kwa vipande vya zege vilivyofunguka juu kama miavuli iliyopinduliwa na upepo, kila kimoja juu ya nguzo yake. Uzuri wake una kazi: vipande hivyo vinakinga mvua, na maji yanashuka kwa njia ya nguzo. Aliyelichora ni Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, na lilifunguliwa mwaka 1975. Chini ya ardhi kuna Shimoni, soko la jumla, ambako nikiwa mdogo mama alikuwa akinituma vitunguu nami nikiogopa giza la zile ngazi.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua. Nilikwenda asubuhi yake, sikuweza kukaa. Baadaye likaja karabati kubwa na jengo jipya ubavuni. Jambo lililonifariji ni kwamba lile paa halikuvunjwa. Mimi ningelia.

Mjomba, ambaye alijenga nyumba tatu kwa mikono yake kule Tabora, alilitazama paa kama dakika kumi akitingisha kichwa. "Huyu mtu alikuwa fundi," akasema. Jumamosi tulipita mita chache kutoka hapo na hakuliona kabisa.

Baada ya soko, achana na barabara kubwa. Majina ya mitaa yanatosha kukutembeza: Swahili, Nyamwezi, Pemba, Mafia, Likoma, Somali, Lindi. Ni ramani ya watu waliokuja kuujenga mji huu. Wamanyema waliotoka Kongo wana msikiti wao mpaka leo. Tafuta nyumba za Kiswahili zilizobaki, zinahesabika: ya chini, baraza mbele, mlango katikati, ukumbi unaokwenda moja kwa moja hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Zilikuwa mtaa mzima. Tangu miaka ya 1990 zimegeuzwa ghorofa moja baada ya nyingine, kwa sababu kiwanja cha nyumba moja kinatoa fremu nyingi za kukodisha. Siwalaumu waliouza. Sisi wenyewe tuliuza.

Ukiona baraza lenye wazee, bao na mtu wa kahawa, kaa. Usianze na maswali. Salimia, shikamoo kwa kila mmoja, agiza kahawa na kashata, lipia na ya jirani yako. Kikombe cha pili ndicho kinacholeta stori. Mzee mmoja alituambia kila jengo la mtaa wake lilikuwa nyumba ya nani, mlango kwa mlango, na mjomba akagundua kwamba mmoja wa wenye nyumba hao alikuwa mtu wa Tabora. Saa nzima ikaishia hapo. Hiyo ndiyo saa anayoisimulia mpaka leo, tena kwa kuiongezea.

Kamera weka mfukoni mpaka uombe. Watu wa Kariakoo hawapendi kupigwa picha wakiwa kazini, na wana haki. Begi vaa kwa mbele hata Jumapili. Ijumaa mchana usipange matembezi, mitaa ya misikiti inafurika kwa swala na utakuwa unawapita watu mbele. Wakati wa masika vaa viatu ambavyo hutavililia. Na usidhani usiku ni mtulivu: mwaka 2025 ilizinduliwa biashara ya saa 24, na mawinga nao hawalali.

Kipande cha mwisho ni cha mpira, na hata mgeni asiyejua mpira mpeleke. Mtaa wa Msimbazi kuna jengo la Simba. Ukitembea kutoka hapo utafika Twiga na Jangwani, kwenye jengo la Yanga. Timu mbili kubwa kuliko zote nchini, moja ya mwaka 1935, nyingine ya mwaka 1936, zinatenganishwa na umbali wa kumaliza muhogo mmoja wa kukaanga. Mgeni wa nje akisikia hivyo haamini. Nyuma ya Yanga kuna uwanja wao wa zamani, Kaunda, ulioshindwa na maji ya bonde la Jangwani. Utani wa Simba kuhusu hayo maji sitaurudia, maana humu kwetu tumegawanyika.

Tulipofika Jangwani jua lilishakuwa kali, nikasimamisha bajaji. Mjomba akakataa kupanda. Anataka kurudi Mtaa wa Nyamwezi, hajapiga picha. Tukarudi. Akasimama chini ya kibao cha mtaa, kofia ameivua, kifua mbele. Kijana mmoja akafungua mlango wa fremu yake nusu, akamwona, akasogea na tabasamu la kazi.

"Karibu mzee, unatafuta nini? Ninacho."

"Mimi si mteja," mjomba akamjibu. "Mimi Mnyamwezi. Mtaa ni wangu, nimekuja kukusanya kodi."

Kijana hakubabaika. "Umechelewa, babu. Msukuma alipita jana, tumempa yote."