Maswali ya Wasomaji: Poti Imefunguliwa, Lakini Seva Bado Haifikiki

Swali: Ndugu Mhariri, tunaendesha seva ya programu za Java, nasi tumetenga poti 9010 ili kuifuatilia kwa mbali kupitia JMX, njia ya Java ya kufuatilia na kusimamia programu. Nikiwa katika mtandao uleule wa seva, JConsole, programu ya ufuatiliaji inayokuja na Java, huunganishwa mara moja. Nikiwa upande wa pili wa ukuta wa moto (firewall), husubiri kwa muda mrefu kisha hushindwa, ijapokuwa msimamizi wa mtandao ameshaifungua poti hiyo na amri ya nc, inayojaribu kuunganishwa na poti, inathibitisha kwamba inafikika. Yeye anailaumu seva, mimi naulaumu ukuta wa moto. Tatizo liko wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, liko katika mipangilio ya seva, ingawa ni ukuta wa moto uliolidhihirisha. Jaribio la nc limethibitisha kwamba poti 9010 inafikika, na halikuthibitisha zaidi ya hapo. JMX husafiri juu ya RMI, njia ya Java ya kuita programu iliyo kwenye kompyuta nyingine, ambayo huunganisha kwa hatua mbili. Kwanza mteja huifikia rejista, ambayo katika mfumo wenu ndiyo iliyoko kwenye poti 9010. Rejista nayo hufanya kazi ya karani wa mapokezi: haimhudumii mteja, bali humpa anwani na namba ya poti ya pili ambako huduma yenyewe inapatikana. Poti hiyo ya pili isipotajwa katika mipangilio, Java hujichagulia yoyote iliyo huru kila seva inapowashwa, na hakuna msimamizi wa mtandao awezaye kuandika kanuni ya kuruhusu namba inayobadilika kila mara, isipokuwa afungue maelfu ya poti kwa pamoja, jambo ambalo simshauri mtu yeyote alifanye.

Kabla ya kubadilisha chochote, soma ujumbe wa kosa kwa makini, kwa kuwa wengi huuruka na kuanza kubahatisha. Muunganisho unaokataliwa papo hapo kwa kawaida humaanisha kwamba pakiti (vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni) zimefika kwenye kompyuta fulani lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye poti ile. Muunganisho unaosubiri hadi muda ukaisha, kama wako, kwa kawaida humaanisha kwamba pakiti zinatupwa njiani bila jibu. Endesha tcpdump, inayoonyesha pakiti zinazopita, kwenye kompyuta yako wakati JConsole inajaribu kuunganisha: utaona mazungumzo mafupi na poti 9010, kisha maombi ya SYN, yaani ya kuanzisha muunganisho, yanayorudiwa kwenda kwenye poti ambayo hamkuipanga. Ukiendesha ss -ltnp, inayoorodhesha poti zinazosikilizwa, kwenye seva utaikuta poti hiyohiyo ikiwa mikononi mwa Java. Mpelekee msimamizi wa mtandao matokeo hayo mawili, na mabishano yenu yataisha.

Tiba ni kuipa poti ya pili namba moja isiyobadilika. Pamoja na com.sun.management.jmxremote.port=9010, ongeza com.sun.management.jmxremote.rmi.port=9010; huduma zote mbili zinaweza kutumia poti moja, hivyo kanuni iliyokwisha kuandikwa kwenye ukuta wa moto itatosha. Kisha angalia anwani ambayo rejista inawapa wateja. Katika mifumo mingi ya Linux, faili la /etc/hosts hulifungamanisha jina la kompyuta na 127.0.0.1 au 127.0.1.1, na Java huichukua anwani hiyo na kumkabidhi mteja, ambaye hujikuta akijaribu kuunganishwa na kompyuta yake mwenyewe. Pale ambapo anwani za ndani hubadilishwa kwa NAT (ubadilishaji wa anwani za mtandao), mteja hupewa anwani ya ndani ambayo kwake haina njia. Katika hali zote mbili, weka java.rmi.server.hostname iwe jina au anwani ambayo mteja wa nje anaweza kuifikia.

Lakini ningekuwa mimi, nisingeifungua poti hiyo kwa nje hata kidogo. JMX isiyo na nywila wala usimbaji fiche humruhusu yeyote anayeifikia kuendesha msimbo wake ndani ya seva yenu. Ikiwa mnaingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali), pitisheni JMX ndani yake: weka java.rmi.server.hostname=127.0.0.1, endesha ssh -L 9010:127.0.0.1:9010 ukifuatisha jina la seva, kisha uielekeze JConsole kwenye localhost:9010. Namba ya poti upande wako lazima ifanane na ile ya seva, kwa sababu ndiyo rejista itakayoitaja katika hatua ya pili.

Swali: Programu yetu huzungumza na hifadhidata iliyo nyuma ya ukuta wa moto bila shida, ila ikikaa saa kadhaa bila kazi, ombi la kwanza hukwama kwa takribani robo saa. Kwa nini?

Jibu: Ukuta wa moto hukumbuka kila muunganisho kwa muda maalumu, mara nyingi saa 1, kisha huusahau usipotumika. Pande mbili hazijulishwi, kwa hiyo programu hutuma ombi kwenye muunganisho ambao kwake bado ni hai, na Linux huirudia pakiti isiyojibiwa kwa takribani dakika 15 kabla ya kukubali kwamba imeshindwa. Ishara za uhai za TCP (keepalive), pakiti ndogo zinazotumwa muunganisho usipotumika, zingezuia hali hii, lakini Linux kwa chaguo-msingi husubiri sekunde 7200, yaani saa 2, kabla ya kutuma ya kwanza, na hutuma tu ikiwa programu imeziomba. Punguza net.ipv4.tcp_keepalive_time iwe sekunde 600, hakikisha kiendeshi cha hifadhidata kimewasha ishara hizo, na uweke ukomo wa umri wa miunganisho ambayo programu huihifadhi ili kuitumia tena uwe mfupi kuliko muda ambao msimamizi wa ukuta wa moto atakutajia.