Barua kwa mwanangu anayetakiwa kufundwa

Mwanangu,

Ugonile. Huku Tukuyu hatujambo. Mvua haitaki kukata na goti la baba yako limeanza tena, kwa hiyo ukimpigia akajibu kwa mkato usidhani amekasirika. Ujumbe wako niliusoma jikoni, nikaurudia usiku, nikaona jambo kama lile siliwezi kwa vidole kwenye simu. Naandika kwenye daftari. Mdogo wako atapiga picha kurasa akutumie, na nimemwonya asisome.

Umeuliza hivi: shangazi yako wa Kyela ameshamlipa kungwi wa kicheni pati, kungwi amekutumia orodha ya vitu vya kununua na mambo atakayokufunda, na wewe uliyesoma mambo ya jinsia chuoni unaona mwili wako unaandaliwa kana kwamba una mwenyewe mwingine. Nikatae, mama, au nikae mkekani siku moja ipite?

Nianze na orodha, maana hiyo ni rahisi. Shanga sina ugomvi nazo, hata mimi nilivaa, na baba yako asinione nikiandika haya. Shabu tupa. Uke hauhitaji kukaushwa; unachubuka, na palipochubuka maradhi hupita kirahisi. Kamuulize muuguzi yeyote. Hiyo krimu ya kung'arisha nayo, soma nyuma ya kopo. Vipodozi vyenye zebaki na hidrokinoni vimepigwa marufuku nchini miaka mingi sasa, na bado mtu anadiriki kumwandikia bibi harusi ajichubue. Huyo kijana alipokupenda ulikuwa na rangi gani?

Halafu unasema mila zetu zinakukera. Mila zipi? Bibi yako alipovunja ungo aliwekwa ndani na wenzake, wazee wa kike wakawafunda, na mpaka anakufa alikuwa akinisimulia nusu tu ya yale mambo, nusu nyingine akicheka. Hakukuwa na kungwi wa kulipwa, wala maturubai, wala MC wa kupaza sauti mtaa mzima usikie. Hayo yametufikia na barabara. Kwa hiyo ukikataa hutakuwa umeikataa mila ya Bibi, na ukikubali hutakuwa umeifuata.

Lakini siyo hilo lililonikosesha usingizi. Uliandika sentensi moja kwamba kungwi "atanikagua". Niliposoma neno hilo nilirudi Iringa.

Hujui habari hii yote, ndugu zako nao hawaijui. Mnajua tu kwamba Bibi aliwahi kuja shuleni kwetu, mkacheka. Ulikuwa mwaka wa vita ya Kagera, nipo kidato cha pili, shule ya bweni. Kila muhula ulipofunguliwa wasichana tulipangwa foleni nyuma ya bwalo, blauzi juu, akaja muuguzi akapita akibonyeza matumbo. Vidole vya baridi, na Iringa ya mwezi wa saba unaijua. Hatukuambiwa anatafuta nini. Wakubwa walijua, sisi wadogo tulidhani ni minyoo. Akifika kwako anabonyeza, anamtazama matroni, anapita, kama mtu anayechagua maparachichi sokoni.

Rafiki yangu aliyekuwa akilala kitanda cha juu yangu alibonyezwa mara mbili. Muuguzi hakumwita pembeni. Alisema palepale, kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Kabla ya chakula cha jioni sanduku lake la bati lilikuwa kichwani anaelekea stendi, na matroni nyuma yake kama askari. Aliyempa mimba tulimjua wote. Tumbo lake halikubonyezwa na mtu, na Jumatatu alikuwepo paredi.

Nikaandika barua nyumbani. Mwinjilisti ndiye aliyemsomea Bibi. Sikutegemea lolote, nilitaka tu kumwambia mtu. Siku moja tupo darasani naitwa ofisini, namkuta Bibi kwa mkuu wa shule, vitenge vyake viwili, mkungu wa ndizi mlangoni. Mabasi ya wakati ule! Alilala Makambako kwenye baraza ya watu asiowajua.

Alipiga magoti kumsalimu mkuu wa shule, kama alivyolelewa kumsalimu mwanamume. Kisha akiwa bado chini akaanza kusema, Kinyakyusa. Akaitwa mwalimu wa kutoka Rungwe atafsiri. Bibi alisema: "Ng'ombe wangu ukitaka kumpapasa unakuja kwangu unapiga hodi. Mtoto wangu mmempapasa bila hodi. Nani kawaruhusu?" Yule mwalimu akameza mate, akatafsiri: "Mama anashukuru kwa malezi mnayompa binti yake, ameleta ndizi." Bibi, ambaye watu walidhani hajui Kiswahili, akamgeukia: "Sikusema hivyo."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na sijaona sura iliyonifurahisha kama ya yule mwalimu dakika ile.

Mkuu wa shule akasema ni utaratibu, ni kwa ajili ya kuwalinda wasichana. Bibi akauliza mbona basi hawawalindi kwa kuwabonyeza wanaume. Hapo mimi nilitolewa nje. Sikubonyezwa tena hadi namaliza kidato cha nne. Matroni akinifikia ananiruka. Wenzangu waliendelea kubonyezwa.

Tangu siku hiyo nasema, na wewe umenisikia mpaka umechoka: mwili hupigiwa hodi. Nilikwambia ulipokuwa mdogo, wale wajomba wa kukushika mashavu. Nilimwambia daktari wa meno. Nakwambia sasa.

Ila katika kuandika nimekwama mahali. Bibi alidai hodi ipigwe kwake. Mimi nilikuwa nimesimama pale, tumbo ni langu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyenitazama kana kwamba jibu ningeweza kuwa nalo. Na ng'ombe, kweli? Nilicheka, lakini miaka michache baadaye walipokaa kuhesabu ng'ombe wa mahari yangu sikucheka sana. Wewe ungesema Bibi alinitetea kama mali. Mimi nasema alinitetea kwa lugha aliyokuwa nayo, na waliokuwa na lugha nzuri zaidi walikaa kimya. Vilevile umewahi kuniambia kupiga magoti ni kumnyenyekea mwanamume. Mimi nilimwona amepiga magoti akimtetemesha mtu. Lakini, haya, ni kweli mkuu wa shule hakupiga goti kumjibu.

Mama Mkubwa ndiye mfano wa hodi kupigwa mlango usio wake. Unajua alivyoolewa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, na msichana aliye chini ya 18 lazima baba akubali. Sheria hiyohiyo inasema ndoa ni ya hiari ya wanaooana! Baba akakubali. Hiari ya Mama Mkubwa ilikuwa jikoni inapepeta mchele. Mahakama Kuu ilikuja kusema mwaka 2016, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vile vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia mwaka 2019. Nilimsomea Mama Mkubwa habari ile gazetini. Akaniuliza kama mahakama inamrudishia na miaka yake.

Na ya rafiki yangu nayo. Juni 2017 Rais Magufuli aliposema hadharani kwamba aliyepata mimba shuleni harudi, nilizima redio, baba yako akaiwasha, nikaizima. Novemba 2021 wizara ikatangaza wanaweza kurudi. Nilifurahi, nisidanganye, ila furaha yenyewe ilinichoma.

Utaniambia, na mjomba je? Mjomba wako alikuwa Uganda mwaka uleule. Mwili wake haukupigiwa hodi na mtu, alipewa bunduki akapanda lori, na kile kipande cha chuma pajani anacho mpaka leo, akikuonyesha wewe ulikuwa unakimbia. Kwa hiyo siyo wanawake tu. Hilo nalikubali, na nimelifikiria sana maana nampenda kaka yangu. Lakini alirudi akaimbiwa. Aliyekuwa kitanda cha juu yangu hakuna aliyemwimbia.

Hata Shangazi Mkubwa, na ile sketi yake mnayoicheka kwenye picha. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliamua kwamba sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua si utamaduni wa taifa, na operesheni ikaanza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Kabla hata ya tarehe hiyo wanawake walikuwa wameshashambuliwa Kariakoo kwa ajili ya mavazi. Shangazi alikuwa mpiga chapa huko Dar. Sketi akaitia chini ya sanduku, akashona gauni refu. Miaka ileile Wamasai walikuwa wanasukumwa waache lubega wavae suruali. Huyu kavaa Kizungu mno, yule hajavaa Kizungu vya kutosha. Na sasa naona kwenye suala la krimu mimi na wale vijana tuko upande mmoja, jambo ambalo silipendi. Tofauti ni kwamba mimi nakuandikia barua, sikutumii watu wakukimbize barabarani.

Turudi kwa kungwi, usije ukasema nimekwepa. Simchukii. Wapo wanawake ambao siku ya mkekani ndiyo mara ya kwanza wamesikia mtu mzima akitaja raha yao wenyewe bila kuona haya. Mimi kwetu kanisani nilifundishwa kwamba hiyo raha haipo. Aliyenifunda mimi alikuwa jirani, tukiwa tunamenya ndizi, akaniambia mambo mawili ya maana ambayo hayakuhusu kumfurahisha mtu, na nitakusimulia ukija. Lakini mtu wa kulipwa akukague ukiwa umevuliwa mbele ya wakwe wanaokula pilau? Kwa hodi ya nani? Ya shangazi, kwa sababu ndiye mlipaji?

Na mwenzio anafundwa na nani? Nimewauliza watu wote hapa nyumbani, hakuna mwenye jibu. Mjomba wako atampeleka mahali, atamwambia awahi kurudi nyumbani na asiinue mkono, wataagiza bia. Orodha ya vitu vya kununua yeye hana.

Unataka niseme kataa au kubali. Ulimi unaniwasha kweli. Ningekuwa mimi... hapana. Nikisema, nitakuwa mlango mwingine, na wewe utamwambia shangazi "mama amekataa", mambo yatarudi kuwa kati yake na mimi kama kawaida, wewe umekaa pembeni kama nilivyokaa mimi ofisini kwa mkuu wa shule. Mwili hupigiwa hodi, na mwenye kuitika "karibu" au "siyo leo" ni wewe. Kwenye shabu tu ndipo nimetoa hukumu, na hiyo siifuti.

Shangazi mpigie mwenyewe, baada ya saa mbili usiku akishafunga duka. Kabla ya hapo anahesabu pesa, hakusikii. Atasema hela ya kungwi imeshaenda. Mwambie nitamrudishia mimi tukiuza ndizi. Akilia, mwache alie kwanza, huwa hachukui muda. Na usimwambie nimekuandikia habari za foleni, kwa sababu yule muuguzi alikuwa rafiki yake.

Mama yako