Jibu: Kwa nini nyekundu huonekana nyeusi gizani

Ndugu, umeuliza kwa nini kitambaa chekundu huonekana cheusi taa zikizimwa. Rangi tunazitambua kwa seli za koni, kama milioni 6 kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), za aina tatu: ubongo hulinganisha ni ipi imesisimka zaidi. Lakini koni zinahitaji mwanga wa kutosha. Gizani hubaki kazini seli za fimbo, kama milioni 120, zenye kemikali moja tu ya kunasa mwanga, rodopsini, na hiyo karibu haishtuliwi kabisa na mwanga mwekundu. Mwanga mkali huivunja. Kujijenga upya huchukua dakika 20 hadi 30, tena vitamini A ikipungua haijengeki vizuri. Nyota hafifu itazame kwa pembeni kidogo: katikati kabisa ya retina hakuna fimbo.