Filimbi iliyopulizwa na ile iliyonyamaza: maswali yenu kuhusu marefa

Tangu mashindano ya mitaa yaishe mwezi uliopita, ujumbe mwingi unaonifikia unahusu mpira wa vikapu, na karibu wote unamlalamikia refa. Nilikaa mezani nikijaza karatasi ya alama misimu minane, hatua chache tu kutoka kwa marefa, na suala hili naliweka moyoni. Nimechagua maswali saba.

Jumamosi tulipewa faulo 24, wenzetu 15, tukapoteza kwa pointi sita. Refa huyo ametuchezesha mara kumi na tumepoteza saba. Bado utaniambia hajanunuliwa? (Shabiki, Umoja)

Pole, kaka. Kupoteza hivyo kunauma. Asante pia kwa kunitumia picha ya karatasi ya alama, kwa sababu nimeisoma mstari kwa mstari. Faulo tano kati ya hizo 24 ziliitwa sekunde 50 za mwisho, mkiwa nyuma. Hizo mlizifanya makusudi ili saa isimame, na kila timu inayofukuza hufanya hivyo. Zikitolewa, zinabaki 19 kwa 15, na nyinyi ndio mliokuwa mkikaba uwanja mzima tangu robo ya pili. Anayekaba kwa nguvu hugusa watu zaidi.

Sasa hizo mechi kumi. Chukua sarafu ya shilingi ishirini, irushe mara kumi. Uwezekano wa kupata upande mmoja uliouchagua mara saba au zaidi ni kama asilimia 17. Tuseme ligi ina marefa kumi, kila mmoja amewachezesha mechi kumi, na nguvu zenu zinalingana na za wapinzani. Hata kama wote ni waadilifu kabisa, uwezekano kwamba angalau mmoja wao atakuwa na rekodi kama hiyo kwenu unafika asilimia 85 hivi. Nanyi mtamkumbuka huyo mmoja tu, wale tisa mtawasahau.

Siwezi kumtakasa mtu kwa hesabu hiyo. Ninachosema ni kwamba kumwita mtu mla rushwa ni jambo zito, na ushahidi ulio nao haujafika hapo.

Ni kweli NBA hutangaza makosa ya marefa wake hadharani? (Msomaji, Ngara)

Ni kweli, na ningependa kila mpenzi wa mchezo huu ajue inavyofanyika. Tangu Machi 2015 ligi hiyo kuu ya vikapu ya Marekani hutoa ripoti ya dakika mbili za mwisho. Haihusu mechi zote. Huandikwa pale timu zinapokuwa zimekaribiana kwa pointi tatu au chini ndani ya dakika hizo, au mechi inapoingia muda wa ziada. Siku inayofuata, kila tukio la maana linawekwa katika fungu mojawapo kati ya manne: filimbi sahihi, filimbi ya makosa, kunyamaza sahihi, na kunyamaza kwa makosa.

Hilo fungu la nne ndilo lililonibadilisha. Ukizisoma ripoti hizo moja baada ya nyingine, unakuta makosa ya kunyamaza ni mengi kuliko makosa ya kupuliza, tena kwa mbali. Refa wa kiwango cha juu mara chache huita kosa ambalo halikuwepo. Tatizo lake kubwa ni lile alilolikosa au aliloliona akasita. Sisi mashabiki tunapiga kelele juu ya filimbi tuliyoisikia, kumbe sehemu kubwa ya kosa imo katika ile ambayo haikulia.

Chama cha marefa wa ligi hiyo kimezipinga ripoti hizi, na ninawaelewa. Kosa la dakika ya tatu lina uzito uleule kwenye ubao, lakini halichapishwi, basi anayefanya kazi mwishoni ndiye anayeanikwa. Hata hivyo ningechagua ripoti nusu kuliko kutokuwa na ripoti.

Kuna refa wa NBA aliyewahi kushikwa? (Kijana, Kayole)

Yupo. Tim Donaghy alijiuzulu Julai 2007 uchunguzi wa FBI ulipomfikia, akakiri makosa mwezi uliofuata, na mwaka 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Alikuwa akicheza kamari na kuwapasha wacheza kamari habari za mechi, zikiwemo alizosimamia mwenyewe.

Nilisikia marefa wa Marekani wanawaonea wachezaji weusi. Ni maneno ya mitandaoni au kuna utafiti? (Mwanafunzi wa chuo, Parklands)

Utafiti upo, na ni mzuri. Joseph Price na Justin Wolfers walichukua takwimu za misimu 13, kuanzia 1991/92 hadi 2003/04, wakaangalia rangi ya marefa watatu wa kila mechi na faulo za kila mchezaji. Nguvu ya kazi yao ni kwamba marefa hupangiwa mechi bila kujali rangi, kwa hivyo mchezaji yuleyule unaweza kumlinganisha na nafsi yake: usiku huu kwa marefa wa rangi yake, usiku ule kwa marefa wa rangi nyingine. Walikuta kwamba marefa wakiwa wa rangi yake, anapata faulo pungufu kwa hadi asilimia 4.

Asilimia 4 ni kiasi gani? Kwa mchezaji wa faulo tatu kwa mechi, ni faulo moja katika mechi nane hivi. Ukikaa jukwaani hutaiona hata ukodoe macho usiku kucha. Lakini kila timu ina watu watano uwanjani kwa wakati mmoja na msimu una mechi 82, na watafiti hao walionyesha kwamba kiasi hicho kinatosha kugeuza baadhi ya matokeo.

Gazeti la New York Times liliandika habari hiyo Mei 2007 na ligi ikaikana vikali. Price na Wolfers, pamoja na Devin Pope, walirudi baadaye kupima miaka iliyofuata. Upendeleo ule haukuonekana tena. Wao wenyewe wanaamini kilichouondoa ni ule mjadala: refa aliyejua kwamba anapimwa alianza kujichunga. Dada, mimi naona huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko ule wa kwanza. Watu wale hawakuwa wakionea kwa kudhamiria, na walipoonyeshwa namba, mkono ukabadilika.

Mbona huku refa hapigi filimbi mtu akiugusa mpira juu ya kikapu? NBA huwa ni pointi moja kwa moja! (Shabiki, Kariobangi)

Kwa sababu huku tunacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la mpira wa vikapu duniani. Mpira wa kurushwa ukishagusa pete, mchezaji yeyote ana ruhusa ya kuupiga au kuudaka, hata ukiwa bado juu ya kikapu. NBA hairuhusu hivyo. BAL, ligi ya vikapu ya Afrika, pia hufuata FIBA, kwa hivyo waliotazama Nairobi City Thunder kule Kigali mwaka 2025 waliiona sheria hii ikitumika. Kabla hujamzomea refa, kumbuka ligi unayoitazama.

Mwanangu anacheza. Sisi wazazi tukipiga kelele tunamsaidia au tunamharibia? (Mama, South B)

Mama, kelele zenu zina nguvu kuliko mnavyodhani. Huko Uingereza watafiti walikusanya marefa 40 wa kandanda, wakawaonyesha mkanda wa mechi ya Liverpool na Leicester City, wengine wakiwa na sauti ya mashabiki, wengine kimya. Waliosikia sauti waliwapa wenyeji faulo pungufu kwa asilimia 15.5. Na angalia mkazo ulipo: hawakuwaongezea wageni adhabu. Walisita kuwaadhibu wenyeji. Ni ile filimbi iliyonyamaza tena.

Kwenye vikapu, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 uligawa mipira inayopotea NBA mafungu mawili: ile ambayo refa ndiye mwamuzi, kama kutembea na mpira au faulo ya mshambuliaji, na ile isiyomhitaji, kama pasi iliyonyakuliwa. Wenyeji walipendelewa katika lile fungu linalopita mikononi mwa refa. Timu iliyo nyuma nayo ilihurumiwa.

Kwa hivyo shangilieni watoto kwa mapafu yote. Ila refa wa mechi za watoto mara nyingi ni kijana wa miaka 19 anayejifunza, na mwanao anayaona mnayomfanyia.

Nimeanza kuchezesha mwaka huu. Nitajuaje kama ninaboreka, ilhali kila upande unanitukana? (Refa mchanga, Buruburu)

Mdogo wangu, swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii yote. Matusi ya pande zote mbili hayapimi chochote. Omba mtu arekodi mechi yako kwa simu kutoka juu ya jukwaa, pembeni ya nusu ya uwanja. Chukua daftari, chora safu nne kama zile za ripoti ya NBA. Zima sauti. Tazama kila mgongano kwa kasi ya kawaida kwanza, kwa sababu video ikipunguzwa kasi, mguso mdogo huonekana kama shambulio.

Mchezaji akiingia ndani akagongana na mlinzi, usimfuate mwenye mpira kwa macho. Mtazame mlinzi. Je, alimgeukia mpinzani, miguu yote miwili ikiwa chini, kabla yule hajaruka? Kama ndiyo, na akagongwa kifuani, kosa ni la mshambuliaji, hata kama mlinzi alikuwa akirudi nyuma. Kama aliingiza nyonga yule akiwa tayari ameruka, ni lake. Andika ulichoita, kisha andika unachoona sasa.

Mpe refa mwenzako mkanda huohuo ajaze daftari lake bila kuona lako. Pale mnapotofautiana ndipo penye kazi. Halafu fanya hesabu kwa wenyeji na wageni, na robo ya kwanza dhidi ya ya nne, maana miguu ikichoka unachelewa kufika, na ukichelewa unakisia. Nitumie daftari zote mbili za mechi ya kwanza. Nitaziweka sambamba nikuonyeshe mistari mliyotofautiana.