Watajuaje ninakuja?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Kabla hujahamia gari la umeme, ni gari gani la zamani utakalolikumbuka zaidi, na kwa nini?" Nimelisoma nikiwa barazani kwangu, Morogoro, Corolla imeegeshwa chini ya mwembe, na mkobani nina karatasi za gari la umeme, Nissan Leaf iliyotumika Japani ambayo inashuka bandari ya Dar es Salaam kabla mwezi haujaisha. Mnunuzi wa Corolla anakuja Jumamosi. Swali limenigusa penyewe, na kwa gari moja sitaweza kulijibu.

La kwanza halikuwa langu. Lilikuwa Datsun 160J ya baba, rangi ya maziwa, nyumbani Iringa. Baba alikuwa bwana shamba na aliinunua mkononi mwa mtu baada ya kudunduliza miaka mingi. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun za ukoo huo, na sisi watoto tulishangilia redioni kana kwamba aliyeshinda ni baba.

Iringa mwezi wa Juni asubuhi ni baridi ya kuuma vidole. Baba alivuta choki, akawasha, kisha akainamisha kichwa akasikiliza. Hakuondoka mpaka mlio umetulia. Aliponifundisha kuendesha alifunika dashibodi kwa kofia yake ili nisitazame mshale wa mwendo. "Sikiliza," aliniambia, "injini itakwambia yenyewe inataka gia gani." Mpaka leo nabadilisha gia kwa masikio. Tukipanda mlima wa Kitonga alijua rejeta inakaribia kuchemka kabla geji haijapanda, anasimama pembeni, anafungua boneti, nasi tunatoa dumu la maji kwenye buti.

Wasomaji vijana huenda hawajui kwamba miaka ile Jumapili ilikuwa na saa yake ya mwisho. Vita ya Kagera ilikuwa imetukausha, bei ya mafuta duniani imepanda, fedha za kigeni hakuna. Ikifika saa nane mchana, gari binafsi lilitakiwa liwe limeshaegeshwa. Ukikutwa barabarani bila kibali, una kesi. Kwa hiyo tukitoka kanisani tulikimbilia Ruaha Mdogo kuliosha gari, na baba anatazama saa yake ya mkononi kila dakika. Siku hizo hatukujua ubaya wa kuacha oili mtoni. Saa nane ikigonga mji mzima ulinyamaza. Ungeweza kumsikia mtu anatwanga ng'ambo ya bonde. Nilikuwa nauchukia ukimya ule. Niliuona ni ukimya wa watu waliopungukiwa.

Gari la pili ndilo ambalo, mkinibana nichague moja tu, nitalitaja. Mwaka 1991 mimi na marehemu mume wangu tulinunua Peugeot 504, ile ndefu ya safu tatu za viti, iliyokuwa imeshabeba abiria wa masafa hadi vitambaa vimeisha. Gia ilikuwa kwenye usukani. Barabara ya vumbi na mashimo ililipokea gari lile kama maji yanavyoupokea mtumbwi. Wakati huo nilikuwa muuguzi mkunga katika kituo kimoja cha afya kando ya barabara kuu, upande wa pili wa Hifadhi ya Mikumi. Kituo hakikuwa na gari la wagonjwa. Gari la wagonjwa lilikuwa 504 yetu.

Usiku mmoja wa masika tulimbeba mama aliyekuwa na uchungu tangu mchana, mimba yake ya kwanza, mtoto hataki kushuka. Tulimlaza safu ya nyuma, mama mkwe wake kichwani, mimi miguuni, mume wangu kwenye usukani. Barabara ile inakata katikati ya hifadhi kwa kilomita hamsini hivi, na sisi tulikuwa kama katikati yake tembo walipojitokeza. Walikuwa kundi zima, wanavuka polepole, wadogo katikati. Mume wangu akasimama, akazima taa, kisha akazima na injini, maana alifundishwa kwamba mlio unawaudhi.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Vyuma vya injini vinapoa, tik, tik, tik. Nyasi zinasagika chini ya miguu ya wanyama ambao hatuwaoni. Halafu katika ukimya ule ule yule mama akavuta pumzi na kusukuma, na mimi kwa tochi niliyoibana kwapani nikaona kichwa. Mtoto alilia. Nilidhani tembo watatuvamia. Walisimama kidogo, wakaendelea na safari yao. Mama mkwe alikuwa analia bila sauti, ameuma khanga. Mume wangu hakugeuka nyuma, alikuwa mtu wa haya, ila nilimwona mabega yakitikisika.

Tulipowasha tena, 504 iliitika kwa mara moja. Tungelazimika kuisukuma pale, leo nisingeandika barua hii.

Yule mtoto ni mwanaume mzima sasa. Kila mwaka hunipigia simu siku yake ya kuzaliwa.

Baada ya 504 palikuwa na gari moja dogo tulilokaa nalo miaka miwili na halikuniachia lolote. Ndipo ikaja Corolla 110, hii iliyo chini ya mwembe, namba A, niliyoipata mwaka 2004 nilipohamia mjini. Imekunywa petroli yangu miaka yote hii bila kulalamika. Spea zake ziko kila duka, na fundi yeyote anaifungua macho yamefumba. Mwaka sijui wa ngapi sailensa ilitoboka. Nikaiziba, ikatoboka tena. Mwisho nikaizoea, na mtaa nao ukaizoea. Nilikuja kugundua jambo kutoka kwa wanawake wenyewe: wakiwa na uchungu usiku, wameshanipigia simu, walikuwa wanatega sikio. Corolla ilikuwa inasikika tangu inapokunja kwenye mashine ya kusaga. Mama mmoja aliniambia kwamba aliposikia ule mlio, maumivu hayakupungua, ila hofu ilimtoka. Sikuitengeneza sailensa tena. Najua ilikuwa inachafua hewa na kuamsha wazee, lakini sikuitengeneza.

Sasa mtauliza, basi kwa nini naiuza?

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, hapa hapa kwetu. Watu walikwenda na madumu kuchota petroli iliyomwagika, moto ukalipuka, na tukazika zaidi ya watu mia moja. Niliyoyaona wodini siku zile sitayaandika. Lakini tangu hapo harufu ya petroli kwenye sheli hainipiti hivi hivi. Miaka ya nyuma nilikuwa nimeshapokea watoto waliokunywa mafuta kwenye chupa ya soda, na vijana waliofyonza petroli kwa mpira ikawaingia mapafuni. Na miaka yote ile ya Datsun na 504 tulikuwa tunachoma petroli yenye madini ya risasi, sumu ya ubongo wa mtoto. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Mimi mkunga nilikuwa naisambaza mtaani huku nikiwapokea watoto wale wale watakaoivuta. Nilipostaafu na kupata kiinua mgongo, nilikuwa nimeshaamua.

Hesabu nayo ipo, kwani pensheni ni ile ile kila mwezi. Uniti moja ya umeme wa LUKU kwangu ni takriban shilingi 356. Gari la aina hii hula kama uniti 15 kwa kilomita 100. Mizunguko yangu ya mjini haizidi kilomita 30 kwa siku, kwa hiyo ni uniti nne na nusu, shilingi 1,600. Corolla kwa kilomita hizo hizo, katika mashimo na foleni, inataka lita tatu. Bei ya petroli EWURA, mamlaka ya nishati, huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ukihesabu lita kwa shilingi 3,000, ni shilingi 9,000.

Kwa wanaofikiria kufuata njia hii, neno moja la kweli kuhusu betri. Leaf haina mfumo wa maji wa kupoza betri, inapozwa na hewa tu, na joto la nchi yetu si rafiki yake. Kwenye dashibodi kuna vijimstari 12 vya afya ya betri, na cha kwanza kinapotoweka umeshapoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake. Kabla sijatoa hata senti niliomba picha ya dashibodi ikiwa imewashwa. Nilihesabu vijimstari vyote 12 kwa kidole. Betri yangu ni ya kilowati-saa 40, na nitaichaji usiku kwenye soketi ya nyumbani ambayo fundi umeme ameivutia waya wake mnene peke yake. Msichaji gari kwa ekstensheni ya pasi, tafadhali.

Wapo wanaoniuliza kuhusu mgao wa umeme. Nimeishi na mgao kuliko wao. Lakini Bwawa la Nyerere kule Rufiji lilianza kuzalisha mwaka 2024, na mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Treni ya umeme inatoka hapa Morogoro hadi Dar es Salaam chini ya saa mbili. Nimeipanda, nikaona milima ya Uluguru inarudi nyuma bila moshi wala mtikisiko, nikajisemea kama umeme unaweza kuvuta mabehewa yote haya, bibi mmoja na mkoba wake utawashinda nini? Dar es Salaam sasa naenda kwa treni tu.

Nilipofuata ramani ya maji ya bwawa lile nilikaa kimya kwa muda. Ruaha Mdogo unaopita Iringa unaingia Ruaha Mkuu. Maji yanakwenda Mtera, yanazungusha mitambo, yanashuka Kidatu, yanazungusha tena, kisha yanaingia Rufiji na kufika Bwawa la Nyerere. Ni maji yale yale tuliyoogeshea Datsun, baba akiangalia saa. Natamani angekuwepo nimwambie.

Gharama yake ni hii. Kutoka hapa hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na chaji yangu moja haifiki. Kwa mara ya kwanza tangu 1991 nitakwenda kwenye kaburi la baba kwa basi. Nitapita hifadhini nikiwa abiria, na Kitonga nitaipanda sina la kusikiliza. Hilo linaniuma, na sitalifunika. Siku vituo vya kuchaji vitakapofika Mikumi na Ruaha Mbuyuni, nitapanda Kitonga kwa gari langu, na kwenye kuteremka nione betri inavyojirudishia chaji pale ambapo baba alikuwa akinusa breki.

Fundi wangu wa miaka ishirini alikuja juzi kuitazama Corolla kwa mara ya mwisho. Aliniuliza polepole, "Mama, sasa mimi kwako basi?" Nikamwambia tairi zipo, bushi zipo, shokapu zipo, breki zipo, barabara ni ile ile. Nimemwomba awe wa kwanza kufungua boneti ya Leaf, tujifunze wote wawili. Nyaya zile nene za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme mkali, asiziguse mpaka apate mafunzo, hilo tumekubaliana.

Kilichobaki ni ukimya. Leaf ikienda polepole hutoa mlio mdogo wa makusudi ili watembea kwa miguu wasikie, lakini hautafika kitandani kwa mtu. Jana jioni mkwe wa jirani yangu, mwenye mimba ya miezi saba, alisimama mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Nasikia gari jipya halilii. Nikizidiwa usiku, nitajuaje unakuja?"

Nilifikiri kidogo. Nikamwambia nikifika kwenye mashine ya kusaga nitapiga honi mara mbili. Akaniomba nirudie, nikarudia: mara mbili.

Msomaji wenu, Morogoro